Herufi ya Katikati

Mtu mmoja alikuwa na lango la kulinda. Lango lenyewe halikuwa la boma wala la mjini. Lilikuwa mtoni, katikati ya uzio wa mianzi na waya uliokatiza maji kutoka ukingo huu mpaka ule, na kazi yake ilikuwa kulipandisha na kulishusha kwa kamba. Mtu huyo aliitwa Mafwiri.

Nieleze kwanza uzio ule uliwekwa kwa nini, maana asiyejua atadhani nasimulia habari za wavuvi, na hawa hawakuwa wavuvi. Kuna samaki anaitwa ningu. Anaishi ziwani, lakini ziwani hatagi. Masika ikianza na mto ukajaa maji mekundu, ningu anaacha upana wote wa ziwa, anaingia kwenye mdomo wa mto, anapanda kinyume cha maji mpaka afike kule juu kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Huko anamwaga mayai, halafu anarudi. Siku zake ni chache sana. Zikipita, basi, mpaka masika nyingine. Zamani watu walimngoja mtoni na nyavu wakamchukua na mayai yake tumboni, mwaka huu na mwaka ujao, mpaka ikafika mahali watoto wa kule wakawa wanamjua kwa jina tu.

Ndipo wakaja watu wa kumlinda. Kila masika wanapiga kambi kando ya mto na kusimamisha uzio. Lango linainuliwa shubiri moja tu; ningu wakija wengi kwa mpigo ndipo linafunguliwa lote. Ningu anapita chini yake mmoja mmoja, anaingia kwenye tenga, anapimwa urefu, anatiwa alama nyekundu kwenye pezi, anaachiwa upande wa juu aendelee na safari yake. Kwa alama hizo wanajua wangapi wamepanda na wangapi wamerudi. Masika ikiisha uzio unang'olewa, kila mtu anarudi kwake.

Kambini walikuwa wanne. Mkuu wao alikuwa Bi. Kokusima, mwanamke aliyesomea habari za samaki. Masatu alikuwa mpimaji. Nyangeta alikuwa mpishi, dada mkubwa wa mke wa Mafwiri, mtu ambaye ujana wake wote alikausha ningu kwa moshi na kuwauza gulioni, na ambaye hakujua hata a. Wa nne ni Mafwiri mwenyewe, mtu wa lango.

Mafwiri alikuwa na miaka hamsini na miwili alipojua kusoma. Kiangazi kilichotangulia alikwenda ngumbaro, darasa la watu wazima, akakaa kwenye dawati la watoto magoti yakimgusa kidevu, na miezi sita baadaye akatoka akiwa msomaji. Sisi tuliosoma ukubwani tunaijua hali ile. Dunia nzima inaanza kusema nawe, na wewe huwezi kunyamaza. Mafwiri alisoma boksi la sabuni. Alisoma kisanduku cha kiberiti, pande zote. Alisoma mfuko wa unga, kwa sauti, kuanzia juu mpaka chini, mpaka Nyangeta aliyekuwa anangoja kusonga ugali akamwambia, "Shemeji, unga huo tunapika au tunausikiliza?" Watu wakacheka, naye akacheka, lakini kesho yake akausoma tena.

Alikuwa na kasoro moja. Alikuwa na haraka. Alishika kichwa cha neno, akashika na mkia, katikati akaruka. Mwalimu wake wa ngumbaro alimwonya mara nyingi: "Mafwiri, neno si dimbwi. Usiliruke." Yeye alisikia, akaitikia, akaendelea kuruka, kwa sababu mara nyingi aliangukia mahali pazuri na watu walimsifu.

Sasa, masika hiyo mvua zilichelewa. Wiki nne waliangalia mto ulio chini, mawe yakionekana. Ningu waliopita langoni hawakufika ishirini. Bi. Kokusima hakutulia, akateremka mpaka mdomo wa mto kuangalia kama ningu wapo au hawapo. Siku ya pili ya kuondoka kwake mvua ikaanza kunyesha milimani, na kulipokucha mto ulikuwa umepanda, mwekundu, umebeba magogo na majani. Simu hazikushika. Na saa moja asubuhi bodaboda mmoja akafika kambini, tope limemjaa mpaka kwenye nyusi, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Imetoka kwa Bi. Kokusima, alisema, na amesema ni haraka.

Masatu alinyoosha mkono, kwa kuwa yeye amesoma tangu utotoni. Mafwiri akawahi. "Lete hapa. Nitasoma mimi." Akapanda juu ya jiwe. Akaikunjua karatasi. Ilikuwa na maneno matatu tu, kwa herufi kubwa, kalamu ya kuharakisha. Akakohoa, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Fungeni lango. Msinisubiri."

Aliyeleta karatasi akampigia makofi kabla ya kuondoka. Nyangeta naye alipiga kigelegele kifupi, nusu ya utani na nusu ya kweli, maana ilikuwa barua ya kwanza ambayo shemeji yake ameisomea kambi nzima. Masatu peke yake ndiye aliyekunja uso. "Tufunge? Leo, maji haya?" Mafwiri akajibu, "Karatasi ndiyo imesema." Masatu alitaka kuiomba aione kwa macho yake. Hakuiomba. Alimwonea haya mtu mzima aliyesimama juu ya jiwe na furaha ile usoni. Kwa hiyo kamba ikalegezwa, lango likashuka mpaka chini likakaa kwenye mchanga, na ile shubiri moja ikazibwa.

Saa mbili ningu wakafika.

Hakuna pale aliyewahi kuona kitu kama kile isipokuwa Nyangeta, naye aliona akiwa msichana. Maji ya chini ya uzio yalianza kutikisika kama sufuria inayokaribia kuchemka. Halafu migongo ikaonekana. Halafu hapakuwa tena na maji, ilikuwa migongo tu, mmoja juu ya mwingine, wote wameelekeza vichwa juu, wote wanasukuma. Walipiga mianzi kwa vichwa. Sauti yake ilikuwa kama nguo nzito zilizolowa zinapopigwa juu ya jiwe, bila kupumzika, ukingo hadi ukingo. Masatu alisimama na rula yake mkononi, hajui aanzie wapi. Mafwiri alishika kamba. Aliambiwa afunge, naye amefunga, lakini mikono ilikuwa inamwasha.

Saa tatu Nyangeta akashuka kuosha sufuria. Akaziacha ziende na maji, sufuria mbili, akaingia mpaka magotini. Alimshika ningu mmoja kwa mikono miwili, akampapasa tumbo kwa kidole gumba, kidogo tu, kama mama anavyompapasa mtoto mwenye homa. Mayai yakatoka yenyewe.

"Hawa wameiva," alisema. "Hawa si wa kungoja, shemeji. Hebu isome tena hiyo karatasi."

"Nimeshaisoma."

"Isome tena. Isome kama mtu anayechambua mchele."

Mafwiri akaitoa. Akampa shemeji yake mgongo. Akaweka kidole chini ya herufi, kama alivyofundishwa, akakisogeza polepole, moja, moja. Akaiona f. Akaiona u, akaiona n, akaiona g. Hapo alipozoea kuruka, hakuruka. Na pale katikati, kwenye tumbo la neno, palikuwa na u nyingine. Ilikuwa imekaa wazi upande wa juu, kama bakuli. Asubuhi nzima ilikuwa imekaa pale. Haikufutika kwa mvua, haikuandikwa vibaya. Fungueni. Fungueni lango. Msinisubiri.

Kidole cha Mafwiri kilibaki chini ya ile u.

Nyangeta akauliza, "Inasemaje?"

Nanyi mnaonisikiliza, msimcheke. Watu watatu walikuwa wamemsikia akisoma juu ya jiwe. Alipigiwa makofi. Kwa miaka hamsini na miwili alikuwa mtu wa kutia dole gumba kwenye wino, mtu wa kuomba kusomewa jina lake mwenyewe hospitalini. Jambo moja tu alilolipata ukubwani ni hili la kusoma, na limekaa mwilini mwake likiwa bado jipya, linabana kama kiatu cha sikukuu. Akilitoa sasa hivi, mbele ya macho yao, atabaki na nini?

Akasema, "Ni vilevile."

Akaikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Na kifungo kile alikifunga vizuri.

Kuanzia hapo hakuweza kukaa. Alikwenda mpaka mwisho wa uzio, akarudi. Akashika kamba, akaiachia. Akakaa kwenye jiwe lilelile, likamkataa, akainuka. Alijiambia kwamba Masatu akienda kula, atalivuta lango kimyakimya, na baadaye atasema maji yameliinua. Masatu hakwenda kula. Alijiambia kwamba pengine atakuja bodaboda mwingine na karatasi nyingine, na yeye ataisoma sawasawa, na ile ya kwanza hakuna atakayeiulizia. Akaangalia njia. Njia ilikuwa tope tupu. Alijiambia kwamba mto wenyewe ukizidi utavunja uzio, na hapo kosa litakuwa la mto. Alifika mpaka akakizunguka kigingi cha mwisho, mahali ambapo hawamwoni, akakipiga teke. Akakipiga tena. Kigingi hakikutikisika, kwa sababu alikipigilia yeye mwenyewe mwanzoni mwa masika, na alikipigilia kama mtu anayeipenda kazi yake.

Akarudi, akasimama, akaenda tena. Mkono wake ulikuwa kila mara unapanda kifuani, unagusa kifungo, unashuka.

Saa nne ikapita. Saa tano povu lililoshikana na mianzi likabadilika rangi, likawa la manjano, na ukiinama unaona ni vipunje, vingi kama ulezi uliomwagika ghalani. Ningu walikuwa wamechoka kungoja. Walikuwa wanamwaga pale pale, kwenye waya, kwenye mchanga, kwenye maji ya kasi yasiyolea kitu. Wengine walikuwa wamegeuka matumbo juu. Mafwiri aliona yote haya. Kila alipopita aliyaona, na alipita mara nyingi.

Saa sita Nyangeta akamsimamia njiani. Alikuwa amembeba ningu jike mikononi, mkubwa, anayefungua na kufumba mdomo wake ule ulioelekea chini. Mayai yalikuwa yanampita vidoleni, yanaangukia miguu ya Mafwiri.

"Shemeji," alisema, "mama kashikwa na uchungu mlangoni pako, na wewe unamsomea kibao cha saa za kuona wagonjwa?"

Mafwiri alitazama miguu yake. Halafu mkono ukapanda kifuani kama ulivyopanda asubuhi nzima, lakini safari hii haukushuka. Alifungua kifungo. Alitoa karatasi, akamnyooshea Masatu, na akasema kwa sauti ambayo hata ng'ambo ya mto ingesikika:

"Imeandikwa fungueni. Nimejua tangu saa tatu."

Masatu aliisoma kwa macho yake mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Nafasi ya kucheka haikuwepo. Watatu wakaikamata kamba na kuvuta, lakini lango lilikuwa limelemewa na magogo na uzito wa samaki, halikupanda hata upana wa kidole. Mafwiri akachukua panga, akaingia majini mpaka kiunoni, akazikata kamba za mianzi, fundo moja baada ya jingine, mafundo aliyoyafunga yeye, mpaka upande mzima wa uzio ukalala. Na ningu wakapita. Walimpita kulia na kushoto, walimgonga mapaja, walipita katikati ya miguu yake, wengi, wengi, mpaka akalazimika kukishika kile kigingi asianguke. Alisimama hivyo mpaka wa mwisho mwenye nguvu amepita. Wasio na nguvu maji yaliwarudisha chini, nao hawakugeuza vichwa tena.

Saa kumi Bi. Kokusima akafika kwa miguu, viatu mkononi. Hakusalimia. Aliangalia uzio uliolala. Aliangalia mchanga uliojaa matumbo meupe. Akainama akachota kwa kiganja yale mayai yaliyokwisha kupauka kama uji uliopoa, akayaangalia muda mrefu, maana alikuwa ameyangoja kwa wiki nne, na kabla ya hapo kwa mwaka mzima.

Masatu alitaka kusema kwamba mwandiko haukuonekana vizuri. Mafwiri akamzuia kwa mkono. Akasema yeye mwenyewe, yote, kuanzia jiwe na makofi mpaka kigingi alichokipiga teke. Hakuacha kitu katikati.

Bi. Kokusima akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Saa moja ulisoma vibaya."

"Ndiyo, mama."

"Hilo ni langu na lako. Nami niliandika kwa haraka. Lakini saa tatu ulijua, na saa sita ndipo ukafungua."

"Ndiyo, mama."

"Hapo katikati, Mafwiri, ulikuwa unasoma nini?"

Na yule mama hakumfukuza, wala hakumsemesha tena siku hiyo. Kesho yake waliusimamisha uzio, na kamba ya lango alimrudishia yuleyule. Watu waliuliza kwa nini. Alisema mwingine atakayemleta bado hajaijua herufi ile.

Masika ya baadaye ningu walipanda, lakini wale ambao mama zao walikwama mlangoni hawakuwamo. Ukisimama pale huwezi kuwaona, kwa sababu hawakuzaliwa, na hilo ndilo jambo gumu la kulinda lango. Mafwiri yupo hadi leo. Bado anasoma mfuko wa unga, kwa sauti, ila siku hizi anausoma polepole mpaka Nyangeta anasinzia. Na kwenye ubao wa lango lake amechora kwa rangi nyeupe herufi moja tu, u, kubwa, wazi upande wa juu.

Ndugu zangu, mimi sikuja kuwatisha na kusoma vibaya. Kusoma vibaya kulichukua muda wa saa mbili tu, na ni nani kati yetu hajaruka herufi? Aibu ndiyo iliyochukua saa tatu nzima, na aliyezichukua alikuwa anajua kusoma. Kila mmoja wetu analo lango, na kuna watu wanalisukuma kwa vichwa: mke, mtoto, jirani uliyemhukumu mbele ya wenzake kwa neno ambalo baadaye, peke yako, umelisoma tena ukaliona lilivyo. Karatasi unayo. Ipo mfukoni, juu ya moyo wako, na mkono wako unapanda na kushuka.

Kifungo utakifungua saa ngapi?